Nitukane Basi, Mtani

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa Mzaramo, na darasa zima lilikuwa la Wanyamwezi, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kututukana. Nalisema hili mwanzoni ili asiyejua utani wa makabila asije akashika kichwa mapema, maana ya kushikia kichwa yako mbele. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani, na babu zake walikuwa kule njia inakoishia. Wakapigana, wakauguzana, wakazikana, na mwisho wakakubaliana kwamba badala ya kuuana watatukanana, na asiwepo wa kununa. Ndiyo maana mpaka leo Mzaramo akiniita mtumwa wake mimi namwita mla papa, tunacheka, tunaendelea na shughuli zetu.

"Wapagazi wangu," ndivyo alivyotuita. Anaingia darasani, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka kooni, anaweka fimbo mezani: "Wapagazi, tueni mizigo. Fungueni vitabu." Aliyekwama kusoma alijuta kuzaliwa. "Babu yako alitembea na pembe begani mpaka Bagamoyo, hana viatu, wewe sentensi moja fupi inakuvunja kiuno?" Na sisi tulijibu, maana kwake kujibu ilikuwa sehemu ya somo. "Nanyi mlikaa ufukweni mkisubiri tuwaletee!" Aliyejibu vizuri alipewa chaki akafute ubao, cheo kikubwa. Asiyejibu ndiye aliyechapwa.

Shikamoo hakuitaka kabisa. Ukimwamkia alikunja uso kana kwamba umempa ndimu. "Shikamoo kampe baba yako. Mimi nipe tusi." Mwalimu mkuu alipokuwa karibu ilibidi tumwamkie kwa adabu kama wanafunzi wa watu, naye akaitikia "marahaba" kwa sauti ya mgonjwa, kisha mwalimu mkuu akigeuka tu anatutolea ulimi. Mtu mzima, ana watoto, anatoa ulimi! Tulimpenda, haki ya Mungu. Niseme ukweli, tulimpenda kuliko wazazi wetu.

Darasani alikuwepo mwenzetu mwenye kigugumizi. Mwalimu alimsimamisha kila siku asome, na kila alipokwama, Mwalimu alikwama naye, herufi kwa herufi, kichwa kinatikisika, mate yanaruka, mpaka darasa likaanguka chini ya madawati kwa kicheko. Yule mwenzetu alilia mpaka akaacha kulia. Lakini jioni, wenzetu wote wakiwa wamekwenda kuchota maji, Mwalimu alikaa naye nyuma ya darasa akimfundisha kuyavuta maneno kwa kuyaimba. Leo mwenzetu huyo ananadi mitumba sokoni kwa kipaza sauti, anaongea tangu asubuhi mpaka jua linazama, hana pa kuvutia pumzi. Muulize yeye Mwalimu alikuwa mtu gani. Atakwambia, "Mungu atamlipa," na usoni huwezi kujua anaomba amlipe nini.

Alikuwa na mbio za ajabu kwenye baiskeli. Siku mmoja wetu alipoumwa na nyoka kwenye shamba la shule, Mwalimu alimfunga mguu kwa mkanda wa suruali yake, akampakia nyuma, akakanyaga mpaka hospitali mjini. Njia nzima alimtukana. Alimtukana yeye, ukoo wake, nyoka, mama wa nyoka, na kila kijana alipotaka kuinamisha kichwa alimwambia jibu, mpagazi we, jibu, huna mdomo? Daktari alisema angelala tu njiani tungemzika. Kijana alifika hospitali akiwa bado anamjibu.

Kwenye chakula alikuwa mtu wa kudeka. Samaki wetu hawakumtosha. Dagaa wa Kigoma aliwaita kope za samaki. Ugali wa mtama alisema ni udongo wa kufinyangia chungu. Lakini michembe, vile viazi vitamu tunavyokata na kukausha juani, aliipenda mpaka ikawa aibu, na michembe mizuri ya kijiji kile, ya kuchanganywa na karanga, ilipikwa na bibi yangu. Mwalimu alikuja kwetu kila Jumapili, watu wakitoka kanisani yeye anatoka kwake na njaa yake.

Bibi ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa sijamjua, baba akaenda machimboni akanogewa. Bibi alikuwa mfupi, mguu mmoja anauburuta, mkono kiunoni kila akitembea, na macho yake yalikuwa mekundu. Ujana wake wote aliumaliza akichochea moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, moshi ukamwachia macho hayo. Sina haja ya kuwaeleza watu wa kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu anaitwaje. Kwa wageni: anaitwa mchawi, kwanza chinichini.

Mwalimu hakumwita chinichini. "Hodi kwa mchawi!" alipiga kelele tangu barabarani.

"Karibu, mla papa," Bibi alijibu kutoka jikoni. "Kaa hapo. Nimekuchemshia mtoto wa jirani."

"Wa kiume au wa kike?"

"Wa kiume. Wa kike nilimmaliza jana."

Kisha wanacheka, Bibi anafuta macho kwa pembe ya kanga, Mwalimu anakula mpaka anafungua kifungo cha kooni. Nilikua nikidhani watu wanaopendana ndivyo wanavyoongea. Mpaka leo mtu akiniambia maneno matamu huwa namtilia shaka.

Msibani ndiko alikokuwa mfalme. Akifa Mnyamwezi, hata wa kijiji cha tatu, Mwalimu aliacha chaki akaenda, maana mtani ana kazi yake pale. Alivaa koti la marehemu. Aliiga mwendo wake, kikohozi chake, namna alivyokuwa akikwepa kazi ya kijiji. Kisha aliingia kaburini akalala chali, akagoma kutoka. "Simpishi! Huyu alikuwa mlevi, aliwahi kuuza mbuzi wa dada yake, mnamleta hapa kama padri?" Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, linatajwa kila baya alilofanya marehemu, na likishatajwa pale limekwisha, hakuna wa kulirudia. Ndipo Mwalimu anatoka, anajikung'uta udongo, anazika pamoja na wengine. Nimeshuhudia mjane akimshika mkono akimshukuru kwa kumtukania mume.

Sasa tamthilia. Jina lake silitaji, waliosoma shule enzi zetu wataikumbuka bila mimi. Ni ya zamani, ya njaa na ghala. Mfalme anafunga ghala la mwisho la nchi, anakula kiapo mbele ya watu wote: atakayelifungua atatoka nchini kwa miguu, na mtu yeyote asimsemeshe, jema wala baya, mpaka apotee machoni. Anayelifungua ni mama yake. Amempa mtoto wa mtu kibaba kimoja. Basi mfalme anakaa kwenye kiti, mama anasimama langoni na kumwambia, "Mwanangu, nisemeshe. Kama huna jema, nitukane basi." Mfalme ananyamaza. Mama anatoka.

Tuliisoma darasani vitabu vichache, vichwa vingi. Nililia. Mwalimu akaona machozi yangu akanichekea mbele ya wote, kisha akatangaza kwamba siku ya wazazi tutaigiza, na mfalme nitakuwa mimi, kwa sababu nina sauti na kwa sababu nalia hovyo.

"Mfalme ni nani?" alituuliza.

Tukabahatisha: mwenye nguvu, mwenye mali, mwenye askari.

"Mfalme ni mtu anayeweza kunyamaza," akasema. "Wengine wote ni wapagazi."

Akanifundisha kunyamaza. Kila baada ya masomo alinikalisha kwenye kiti cha mwalimu mkuu, akasimama mbele yangu, akanitukana. Usipepese. Akapitisha fimbo mbele ya macho yangu. Usipepese! Akanitukania baba na machimbo yake. Akanitukania mama aliyekufa, akamwigiza anavyokufa, na hakuwahi hata kumwona. Siku za mwanzo nililia, akanirudisha mwanzo. Baadaye sikulia tena. Uso wangu ulikuwa mkavu kabisa, naye akapiga makofi peke yake kwenye darasa tupu. Vile vitabu vya shule vyote havikuwa na ukurasa wa mwisho. Mwalimu alisema umechanika zamani, tena hauna maana, mchezo unaishia mama anapotoka.

Mama wa mfalme alikuwa msichana mmoja wa darasa letu. Asubuhi ya siku ya wazazi Mwalimu akasema msichana ana homa, atacheza yeye mwenyewe. Bibi alikuwa amekwenda mapema kukaa mbele, kwenye jamvi, akinisubiri. Nilimwona hana kanga yake ya rangi ya zambarau aliyoizoea. Nilimuuliza. Akasema, "Mtani ameiazima." Alikuwa na furaha kweli kweli.

Nikapanda kwenye kiti. Tukacheza, njaa ikaingia, ghala likafunguliwa, na mama wa mfalme akaletwa mbele ya watu. Alikuwa Mwalimu, amevaa ile kanga, mkono kiunoni, mguu mmoja anauburuta. Macho yalikuwa mekundu na yanatiririka, kwa sababu alikuwa ameyasugua pilipili. Kijiji kizima kilimtambua Bibi kabla hajafungua mdomo. Kelele zilizopigwa sijawahi kuzisikia tena.

Na Mwalimu akishapata kelele, hashikiki. Akaanza kusema maneno ambayo hayamo kitabuni. "Msinifukuze, jamani, mwezi huu sijala mtoto hata mmoja! Nimefunga!" Watu wakaitikia, "Mchawi! Mchawi!" wakigonga viti. Bibi alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akajilaza ubavu kwenye jamvi. Ilimpasa acheke, alikuwa mtani wake, na kwa kweli ilichekesha, alikuwa yeye mtupu.

Mimi nilikaa. Mwalimu akaja langoni, akanigeukia na yale macho, na ghafla uwanja wote ukatulia, maana alipotaka kuwatuliza watu aliweza. Kwa sauti ya Bibi kabisa akasema, "Mwanangu, nisemeshe. Kama huna jema, nitukane basi." Nikanyamaza. Sikupepesa. Akatoka akiburuta mguu, watu wakasimama wakapiga makofi, na nyuma ya pazia akaniwekea mkono kichwani. "Leo umekuwa mfalme," akasema. Nilijisikia mkubwa.

Utani una mwenyewe. Neno "mchawi" kutoka kwa Mwalimu kwenda kwa Bibi lilikuwa chakula cha Jumapili. Lakini waliolibeba siku ile kwenda nalo majumbani walikuwa Wanyamwezi wenzake, majirani, ndugu wa kanisani, ambao si watani wake hata kidogo. Wao hawakuwa na ruhusa nalo. Na walikuwa na ushahidi, eti, mtu msomi kalisema jukwaani mbele ya mwalimu mkuu na mchungaji. Mvua zilipochelewa likasemwa kisimani. Mtoto wa nyumba ya tatu alipokufa kwa homa likasemwa msibani, na siyo kwa kucheka. Jiwe la kwanza lilianguka juu ya bati letu mchana kweupe, tunamenya viazi.

Bibi alivaa kanga ile ile ya zambarau akaenda kwa Mwalimu, na mimi nikaenda naye. Hakulia. Alimwambia, "Mtani, waambie watu ulikuwa unatania. Wewe watakusikia."

Mwalimu alikuwa anapiga pasi shati lake jeupe. Hakuacha kupiga pasi. "Utani haufafanuliwi, mchawi wangu," akasema. "Ukiufafanua unakufa."

Bibi akacheka. Nilimwona anatafuta kicheko, anakipata, anakitoa. "Kweli," akasema. "Basi acha."

Wazee wa kijiji walimshauri aondoke, kwa usalama wake mwenyewe. Kule Kaliua alikuwa na binti wa dada yake. Akafunga furushi. Mimi niliachwa kwa shangazi nimalize shule. Stesheni walikuja watu wengi, siyo kumuaga, kuhakikisha. Walisimama mbali kidogo kama wanaotazama ng'ombe mkali. Na Mwalimu alikuja. Alisimama pamoja nao, vifungo mpaka kooni.

Bibi alimwona, uso wake ukafunguka. Akiwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa akapaza sauti, "Haya, mtani! Mchawi wako anaondoka. Leo huna la kuniambia?"

Mwalimu alinyamaza. Watu wakamtazama.

"Nitukane basi," Bibi akasema. Aliigiza, wallahi, aliigiza ile sauti ya mchezo, ya kwake mwenyewe iliyokuwa imeibwa, ili amfungulie njia acheke. Mwalimu hakupepesa. Treni iliondoka, mkono wa Bibi ukabaki dirishani mpaka kwenye kona.

Alifariki Kaliua kabla ya mavuno. Watani wa kule hawakumjua, wa kwetu hakwenda. Hakuna aliyevaa kanga yake, hakuna aliyelala kaburini kumsema. Shangazi alirudi akasema amezikwa kwa heshima. Nilipouliza heshima gani, akasema ya kimya kimya na ya upesi, wote walitaka kuwahi treni.

Mtajiuliza nilimchukia lini. Sikumchukia, ndiyo ajabu. Nilikuwa nimefundishwa na yeye. Nilijiambia pale stesheni Mwalimu alikuwa anameza machozi, alikuwa mfalme, anaumia zaidi yetu sote na haonyeshi. Niliishi na maelezo hayo miaka mingi, na yalinipa kazi. Mimi nasoma matangazo ya vifo redioni, hapa Tabora mjini. Watangazaji wengine wanakwama kwenye majina ya watoto. Mimi sikwami. Wakubwa wangu wanasema nina sauti ya heshima.

Mwaka jana nilinunua karanga sokoni. Muuzaji alinifungia kwenye karatasi ya kitabu, nikala nikitembea, na karanga zilipokwisha nikasoma karatasi, kama kila mtu anavyofanya. Ilikuwa ile tamthilia ya njaa na ghala. Nilirudi mbio. Mama wa watu alikuwa tayari ameshachana nusu ya mwanzo. Akanipa kilichobaki akinishangaa.

Nilikisoma mchana mmoja. Lo, mchezo wenyewe mbaya! Utotoni ulikuwa mlima. Sasa mfalme anapayuka, askari wanajibizana mizaha isiyochekesha, mwandishi anakuingilia kukuambia uhuzunike wapi. Nilicheka peke yangu, nikaanza kujionea aibu kwa machozi niliyoyamwaga zamani. Kisha nikafika langoni, na baada ya lango kulikuwa na ukurasa. Ule ambao Mwalimu alisema hauna maana.

Mama akishatoka, mfalme anabaki peke yake na watu wake. Wanamsubiri atoe amri. Anafungua mdomo, sauti haitoki. Anajaribu tena. Wanadhani anatania. Basi, mchezo unaishia hapo, mfalme ameachama na watu wake wanaanza kuondoka mmojammoja.

Niliweka kitabu chini. Alijua. Asingeweza kusema ukurasa hauna maana bila kuusoma; alikisoma kitabu chote, akatukatia pale makofi yanapokuwa makubwa. Akaniambia kunyamaza ni ufalme, na mwandishi yule mpayukaji alikuwa ameandika wazi kwamba kunyamaza ndiko kulikompoteza mama, tena kukampoteza na mwanawe. Jabali nililoliona nikiwa mtoto pale stesheni halikuwepo. Alikuwepo mwoga mmoja aliyeogopa kuonekana na watu akicheka na mchawi. Na mimi nilikuwa nimemtungia machozi miaka yote hiyo! Ndipo nikamchukia, kwa pamoja, na malimbikizo.

Mwaka huu binti yake alipiga simu redioni. Baba yake amestaafu siku nyingi, anaumwa, yuko kwa binti huyo, Itetemia, pembeni mwa mji. Ananisikiliza kila siku. Anaomba niende.

Nilipanda bodaboda Jumapili, baada ya kanisa. Chumba kilikuwa safi. Alikuwa amekauka, amekaa kitandani, shati jeupe vifungo mpaka kooni, redio karibu na mto. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya Bibi. Binti aliniambia ni presha ya macho, anatumia dawa. Nilingoja aniambie majirani wanasemaje. Majirani hawasemi kitu. Mzee wa kiume mwenye macho mekundu huambiwa aende hospitali.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

Alishtuka. "Shikamoo? Mimi? Kwani nimeshakufa?" Hakuitikia. Alinitazama akisubiri, midomo inacheza. "Mpagazi we. Umenenepa. Unakula nini, maiti unazozitangaza?"

"Tunamshukuru Mungu," nikasema.

Binti akatuachia chai akatoka. Mwalimu alianza kuongea harakaharaka. Kwamba hapa wote wanamwita Mzee. Wanafunzi wake wakija wanashika mkono wake kwa mikono miwili. Wanyamwezi wa siku hizi hawajui kutukana, wanajua adabu tu. "Watanizika kama hakimu," akasema. "Watakodi viti na maspika. Nani atalala kaburini? Nani atavaa shati hili?"

"Mwalimu unaheshimika."

"Usiniheshimu!" Kikohozi kikamshika. Kilipomwachia alikuwa na sauti ndogo. "Njoo wewe. Vaa shati, iga mwendo wangu, lala mle ndani ukatae kutoka. Sema yote. Ninajua utakayoyasema. Ndiyo maana nimekuita wewe, sikumwita mwingine."

Nilielewa anachoomba. Mtani akilitaja kaburini, limekwisha. Alitaka nimwite mwoga mbele ya watu, nimwite muuaji wa mchawi wake, watu wacheke, kisha azikwe jambo limekwisha. Alikuwa ananiomba tusi moja tu, na nilikuwa nalo.

"Tangazo lako nitalisoma mwenyewe," nikasema. "Nitalisoma vizuri."

"Siyo tangazo." Alishika shuka. "Siku ile stesheni nilikuwa na neno. Lilikuwa hapa." Akagusa meno. "Nilitaka kumwambia, nenda mchawi we, ukimaliza watoto wa Kaliua uniletee mifupa. Nilikuwa nalo, mtani. Watu walikuwa wananitazama."

Nikamtazama. Bibi angecheka kwa neno hilo. Angecheka mpaka Kaliua, angekufa lakini angekufa akicheka. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma.

"Sema kitu," akasema.

Nikamaliza chai, nikaweka kikombe mezani.

Akajiinua kwenye mto. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya ugonjwa au ya nini sijui, sikujali. "Basi kama huna jema," akasema, na sauti ikakatika, akaivuta tena. "Nitukane basi."

Nilinyamaza. Sikupepesa. Nilikaa vile alivyonikalisha kwenye kiti cha mwalimu mkuu, uso mkavu, mikono magotini, na nikamwona anaanza kuutambua mchezo. Alitazama uso wangu sehemu kwa sehemu, kama anayesahihisha. Akatikisa kichwa polepole kukubali. Nilikuwa nimepata zote.

Nikasimama, nikaenda mlangoni. Hapo mlangoni, sijui kwa nini, likanijia. Mla papa we, kufa upesi, Bibi anakusubiri na sufuria. Lilikuja lenyewe, kwa sauti ya Bibi, la kuchekesha, zuri. Nikageuka, nikafungua mdomo.

Lakini alikuwa amesharudisha kichwa kwenye mto na kugeukia ukutani.

"Marahaba, mwanangu," akasema.